Chumvi ya Uvinza

Jina la Tajudini lilikuwa mara mbili. Alikodoa macho kwenye orodha ya walioingia ndani ya swichi, lile sanduku linalogawa mtandao kwa kompyuta zote za ofisi, akaona "tajudini" juu na "tajudini" chini, wote wawili wana ruhusa ya kubadilisha kila kitu. Naye yuko mmoja tu, ameketi peke yake stoo, katika ofisi ya misaada huko Kibenga, mchana kweupe.

Akamtoa yule wa chini. Yule akarudi palepale.

"Mwizi," alisema, maana vita ilikuwa imewazoesha watu wezi wa kila aina. Akafuta neno la siri la zamani, lile alilolitoa nyumbani, akaweka jipya. Akaamuru swichi isimpokee yeyote isipokuwa kompyuta yake. Ndipo taa za matundu matupu, yasiyo na waya hata mmoja, zilipoanza kuwaka moja moja, na stoo ikanuka nywele zilizoungua.

Consolée, karani, alichungulia bila kuvuka kizingiti. "Baba Yasmina, unaita nani? Toka asubuyi nasikia sauti yako mu kile kisanduku, inasema hodi, hodi."

"Mi sijasema kitu."

"Basi ni nani?" alinong'ona, akashika rozari yake.

Wakamleta Maalim Amissi kutoka Buyenzi, mtaa anaokaa Tajudini. Mzee alianza kunyunyiza maji, Tajudini akamwomba asiguse umeme. Hata akiogopa, fundi ni fundi. Maalim akaangalia zile taa kwa chuki, nazo zikawaka kwa kasi zaidi.

"Huyu ni mubaya," alisema. "Lakini haingii bila kualikwa. Nani alimukaribisha?"

Tajudini akaigeukia skrini. Kila anayetaka kuingia kwenye swichi hukutana kwanza na maandishi ya mlangoni. Zamani yaliandikwa kwa Kifaransa kwamba ni marufuku. Yeye, kwa mbwembwe zake, aliyafuta akaandika KARIBU. Yeye mtoto wa Buyenzi, aliyechapwa na mama yake kwa kuitikia hodi kabla ya kuuliza nani!

"Ni mi," alisema.

"Futa."

Alifuta, huku Maalim akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti iliyopasuka. Taa zikazimika. Jina la chini likatoweka. "Asante Yesu," alisema Consolée, na Maalim akaitikia amina bila kinyongo.

Tajudini alicheka kwa furaha. Kisha akatazama mgeni alikuwa ametafuta nini humo ndani. Kitu kimoja tu: mahali yanapokaa maneno ya siri, ambayo yeye kwa uvivu hakuwahi kuyaficha, yanasomeka wazi kama bango. Lile la zamani lilikuwa limesomwa asubuhi, kabla hajalifuta. Chumvi ya Uvinza.

Kicheko kikamkauka. Tangu watu waanze kutolewa majumbani, yeye na mkewe Assia walikuwa wamepatana: mlango haufunguliwi kwa jina, wala kwa sauti, kwa sababu mtu huweza kulazimishwa kuita. Unafunguliwa kwa maneno hayo matatu tu.

Alitoka mbio bila kuaga, akapita vizuizi vya askari mikono juu, akaingia Buyenzi adhana ya magharibi inaadhiniwa na magereji yanafungwa, akimwomba Mungu kwamba Assia awe sokoni, awe kwa jirani, awe popote pale ambapo hakuna mlango wa kugongwa, mpaka akafika kwake na kuupiga kwa viganja vyote viwili.

"Assia! Chumvi ya Uvinza!"

Harufu ya nywele zilizoungua ilipita chini ya mlango.

"Enda zako!" Sauti ya Assia ilitetemeka. "Mwenye hilo neno ameshaingia. Amebeba mutoto. We ni nani?"

"Ni mi! Mama Yasmina, munyang'anye mutoto, mutoke inje!"

Ndani, Yasmina alicheka, kama anavyocheka akirushwa juu na baba yake. Kisha sauti ya Tajudini mwenyewe, ya upole kuliko aliyowahi kuwa nayo, ikasema:

"Usimujibu, mama Yasmina. Ongeza komeo."

Na Assia akaongeza komeo.