Jani Lililopasuka

Huyu rafiki yangu, fundi cherehani, si mwoga hata kidogo; panya anamfukuza kwa ndala. Lakini hili alinisimulia akinong'ona.

Jioni moja umeme ulikatika akiwa katikati ya gauni la mteja. Binti yake akaingia na hadubini yake ya mfukoni, ile yenye taa ndogo, na jani lililopasuka.

“Mama, hili jani limeshonwa!”

“Niache, mwanangu, nina kazi.”

“Chungulia tu!”

Akachungulia. Kweli, mpasuko ulikuwa umeshonwa nusu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mwanzoni mwa mshono palikuwa na mafundo matatu yaliyobebana. Aliyekuwa akianza mshono hivyo ni mtu mmoja tu: marehemu dada yake, aliyemfundisha kazi.

“Umelitoa wapi?”

“Chini ya dirisha la mama mkubwa.”

Chumba kile kilikuwa kimefungwa tangu mazishi. Sasa, gizani, kutoka nyuma ya mlango wake, ikasikika sauti ya uzi ukipita kwenye kitambaa. Swiii. Kimya. Swiii.

Jicho la rafiki yangu lilikuwa bado kwenye lenzi. Kila sauti ilipokuja, juu ya jani ulitokea mshono mmoja mpya.