Sanda Iliyotoka Sandukuni kwa Nyamizi

Nina miaka thelathini na minne, mjane, mzaliwa wa Kwaluguru, sasa naishi Korogwe. Wasomaji wenzangu, mkisikia hotelini zile santuri za matanga, sauti ya mwanamke na zeze, mwimbaji ni mimi. Msinisifu. Nisikilizeni kwanza...

Mume wangu Mhina alikata mkonge kwenye shamba moja huko Mnyuzi. Jirani yetu kambini alikuwa Nyamizi, Mnyamwezi, naye ana mume na watoto. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakosi neno. Alimwita Mhina "mume wangu" mbele yangu, nikacheka.

Lakini moyo ukaanza kunidunda. Mbona Mhina akitoka kazini hupitia kwake kwanza? Mbona nikitokea wananyamaza? Utani gani huo wa kunong'ona?

Mara Mhina akafa, kifua. Siku ya maziko tunahangaika kutafuta sanda, Nyamizi akafungua sanduku lake, akatoa bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri. Akasema, "Mume wangu aliniachia." Watu wakacheka, maana mtani ana ruhusa hata msibani.

Mimi sikucheka. Sanda ya mume wangu imelalaje kwa mwanamke mwingine? Wala sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu.

Arobaini ikapita, matanga yakaanuliwa, yangu yakabaki moyoni. Nikatunga nyimbo sita za kumuaga Mhina, nikisema zikiisha nitamwacha aende. Bahati tajiri mmoja wa santuri akafika Korogwe na mashine yake ya kunasa sauti, akatuweka mimi na mpiga zeze wangu chumba cha nyuma ya duka.

Nyimbo tano niliimba kwa moyo safi. Wa sita, ubeti wa mwisho... ulimi ukaniponza. Nikamtaja Nyamizi kwa jina, na sanduku lake, na kilichokuwa ndani. Mpiga zeze akanitazama, lakini hakuacha kupiga.

Santuri zilipokuja, wimbo huo wa sita ndio uliopendwa! Mume wa Nyamizi akausikia hotelini, wenzake wakimtazama. Akampa talaka, watoto akabaki nao. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wiki hiyohiyo dresa wa shamba, mtibabu wa zahanati yetu, mzee aliyekuwa likizo kwao, akaja kunipa pole. Akaniambia Mhina alikuwa akitema damu miezi mingi, na alijua haponi. Hakutaka nianze kumlilia angali hai. Bafta aliinunua mwenyewe, akampa mtani wake amtunzie. Kumtajia mke kifo chako ni uchuro, kwa mtani ni mzaha.

Nilikimbia kituoni, maana nilisikia Nyamizi anarudi kwao Unyamwezini. Basi la Morogoro lilikuwa limeondoka asubuhi, na Nyamizi ndani yake. Mama muuza chai akanipa kifurushi.

"Nyamizi kasema hiki chako," akaniambia. "Mume wenu alinunua bafta ya watu wawili. Kasema sasa umtafute mwingine wa kukushonea."

Alinitania... hata siku ile!

Santuri zangu nimezivunja, za wengine nitazivunjaje? Jana nimepita hotelini, nikaisikia sauti yangu ikimtukana, na watu wanagonga meza kwa vidole.

Ndugu zangu, ukimshuku mtu, muulize angali jirani yako. Hasira ya mdomoni hupoa, ya kwenye santuri hurudishiwa sindano ikaanza upya.

Bafta ninayo sandukuni. Siku yangu ikifika, sijui nani atakuja kuitoa.