Macho ya Askari wa Basotu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikaratusi Imakulata alipotoka kwake na chupa tupu mfukoni mwa sweta, kwenda kwa wifi yake Restituta kuomba tapentaini.

Tapentaini kidogo tu, ya kuoshea brashi. Ndivyo alivyomwambia mumewe Sylvester. Lakini mwanamke gani anatembea nusu saa kwenye baridi ya Endagikot, ukungu unashuka, kwa ajili ya brashi? Alikwenda kuchungulia. Kuna sanamu mji mzima wa Mbulu ulikuwa unaizungumza, na yeye hajaiona.

Mawifi hawa wawili walijifunza rangi kwa sista mmoja wa misheni, wakiwa wasichana, wakitengeneza nyuso za watakatifu zilizobanduka. Imakulata alikuwa na mkono msafi. Mstari wake haujapinda hata siku moja. Ila sista alikuwa na tabia ya kusimama katikati yao, anaangalia huku, anaangalia kule, kisha anasema: "Ya Imakulata ni nzuri. Ya Restituta inapumua."

Miaka ishirini na sita imepita, sista mwenyewe yuko kaburini, na neno lile bado limemkaa Imakulata kooni kama mwiba wa samaki. Halafu ona bahati yake: akaolewa na kaka wa Restituta. Hata mezani kwake, ugali kapika yeye, anasikia dada hivi, dada vile.

"Hodi humu."

"Karibu, wifi! Na baridi yote hii? Au kaka yangu kakufukuza?"

"Anifukuze, atapikiwa na nani?"

Wakacheka. Kicheko cha mawifi, unakijua. Meno tu.

Juu ya meza ya kazi kulikuwa na bakuli la plastiki limefunikwa kifudifudi, lile la kuzuia vumbi rangi inapokauka.

"Nasikia una mgeni," Imakulata akasema.

"Mgeni gani?"

"Huyo wa chini ya bakuli."

Restituta akalifunua.

Ilikuwa sanamu ndogo, kichwa na kifua tu, haizidi ngumi, imegandishwa juu ya gunzi la mahindi ili ishikike. Ilitengenezwa kwa plastiki na mashine huko Arusha, kutoka kwenye picha ya zamani. Askari wa Keya, wale Mwingereza aliowapeleka Bama kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Kofia pana, ukingo mmoja umekunjwa juu. Kola ya kaki yenye doa la jasho. Na ngozi… Restituta alikuwa ameilaza rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka: kahawia, nyekundu ya udongo, buluu nyembamba mno kidevuni pale ndevu zinapoanza kuota. Kuzunguka macho, zile chale za vinundu za Wabarbaig, kila kinundu na kivuli chake.

Mshipa wa shingo ulikuwa kama umetoka kupiga sasa hivi.

Imakulata akasogea karibu. Wivu una ladha, jamani. Ladha ya chuma.

"Mbona hana macho?"

Kweli hakuwa nayo. Meupe matupu, mawili.

"Mzee Gidahosh amekataza," Restituta akasema. "Huyu ni baba yake. Alikwenda vitani mkewe akiwa na mimba, hakurudi, hata kaburi hana. Mzee anakuja kesho kutoka Basotu, nitamshika mkono aweke macho mwenyewe." Akashusha sauti. "Anasema kwenye ukoo wao, mtu wa namna hii anafunguliwa macho na damu yake. Akifunguliwa na mwanamke wa nje… anamfuata."

"Amfuate kumfanya nini?"

"Nami nimeuliza hivyohivyo. Kasema baba yake alikuwa na wivu sana. Mkewe alikuwa hatazamwi."

Restituta akacheka peke yake. Nje ng'ombe akalia.

"Ngoja nikamue, halafu nikupimie tapentaini. Usimguse, bado mbichi."

Akatoka na ndoo, akavuta mlango nyuma yake.

Imakulata akabaki na yule askari. Nje maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo. Tsss… tsss… tsss.

Alikuwa anafikiri jambo moja tu. Uso bila macho ni plastiki. Anayeweka macho ndiye mwenye uso. Kesho mzee mkono utamtetemeka, Restituta atauongoza, na mji mzima utasema nini? Utasema ya Restituta inapumua.

Kwenye kigae cha kuchanganyia, rangi bado ilikuwa mbichi. Brashi ya nywele tatu ilikuwa pale pale. Mkono safi, mstari usiopinda.

Akaweka weusi wa jicho la kushoto.

Akaweka wa kulia.

Tsss… tsss…

Bado kile kinukta cheupe, mwanga wa jicho, nusu ya ncha ya sindano. Kimoja. Akabana pumzi. Cha pili.

Maziwa yakanyamaza.

Harufu ikaja. Tumbaku. Siagi ya ng'ombe. Kitambaa kilicholowa mvua siku nyingi bila kuanikwa. Halafu kwenye kifundo cha mkono wake ulioshika brashi…

Pumzi.

Ya moto. Ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuvuta hewa.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mlango umefungwa. Imakulata akarudisha bakuli, na Restituta alipoingia na ndoo alimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani kama mtoto wa komunyo.

Asubuhi simu ya Sylvester ikaita. Restituta alikuwa analia hata haeleweki. Wakaenda wote wawili, na Imakulata, msinione mbaya kwa kusema, alikuwa anatembea mbele.

Mzee Gidahosh alikaa mezani, shuka begani, fimbo katikati ya magoti. Miaka themanini na kitu. Mbele yake sanamu. Na ile sanamu ilikuwa inatazama. Ukisogea kushoto, inakutazama. Ukisogea mlangoni, inakutazama.

"Nani amemfungua?" mzee akauliza. Taratibu tu.

Imakulata angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini akinyamaza, uso ule unabaki wa Restituta mpaka mwisho wa dunia.

"Ni mimi," akasema. "Macho ni yangu. Kabla ya hapo ilikuwa plastiki."

"Wifi!" Restituta akapiga kelele. "Unaingia kwenye kazi ya mwenzako kama mwizi?"

Sylvester aliinama akaitazama sanamu. Akanong'ona kama vile hataki dada yake asikie:

"Lakini inapumua kweli, mke wangu."

Utamu ulioje! Miaka ishirini na sita. Imakulata bado alikuwa anaulamba utamu huo mzee alipoinuka, akaegemea fimbo, akaja mpaka mbele yake. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mzee wa miaka themanini na kitu. Kwa mwanamke wa arobaini na nne.

Na mdomo, unajua mdomo ulivyo, umezoea salamu tangu utoto, hausubiri akili.

"Marahaba," Imakulata akajibu.

Mzee akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akamgeukia Restituta. "Siwezi kumchukua. Mke amekubali. Baba hakai mbali na mkewe." Kisha akamtazama Sylvester. "Na wewe, kijana… pole."

Akatoka. Hakuangalia nyuma.

Sylvester alicheka njia nzima. "Leo nimeletewa mke mwenza wa kiume!" Imakulata akaiweka sanamu juu ya kabati, watu wakaja kuiona, wakamsifu yeye. Wiki nzima alikula sifa.

Halafu parokia ikamletea Mtakatifu Yosefu wa kupakwa rangi upya. Akampaka mchana kweupe, akamfunika. Alipomfunua, Yosefu alikuwa na chale za vinundu kuzunguka macho. Akafuta, akarudia. Zikarudi. Mtakatifu Antoni naye hivyohivyo. Uso wa mwanaume mwingine haukukubali tena kutoka mkononi mwake.

Siku ya tisa akaona picha ya harusi ukutani. Yeye yuko vilevile. Sylvester… macho yake meupe.

Meupe mawili.

Na Sylvester mwenyewe alikuwa anapapasa kikombe cha chai mezani. "Kuna ukungu humu ndani?" akauliza.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho. Ila daktari alishangaa: yote mawili, ndani ya siku kumi?

Imakulata alichukua tapentaini akaisugua ile sanamu macho. Rangi ya mafuta kwenye baridi ya Mbulu siku kumi bado ni laini. Hii ilikuwa kavu kama jiwe. Kitambaa kilitoka safi. Akaipeleka jikoni, akaisogeza kwenye moto, na kutoka chumbani Sylvester akapiga ukelele: "Macho yangu! Imakulata, yanaungua!"

Akaitoa. Haikuwa hata na masizi.

Ndipo Restituta akaja kumchukua kaka yake. Hakutukana. Alimshika mkono tu, kama anavyoongozwa mzee, wakatoka uani asubuhi, ukungu mzito hata zizi halionekani. Imakulata akawafuata mpaka getini.

"Mwache akae nami, wifi. Nakuomba. Ni mume wangu."

"Kwako hatapona," Restituta akasema. "Na wewe unajua."

Sylvester akasimama. Akageuza uso wake kuelekea nyumbani, polepole… macho yale meupe yakatulia.

"Huyo mwenye kofia," akasema, "ni nani?"

"Unaona?" Imakulata akadakia. "Sylvester, unaona!"

"Wewe sikuoni. Geti silioni, dada simwoni. Yeye tu ndiye namwona." Akanyoosha kidole palipotoka sauti ya mkewe. "Mbona amekushika bega?"

Restituta akamvuta kaka yake, wakaondoka karibu wanakimbia, hatua zao zikapotelea ukunguni.

Imakulata hakugeuka. Alisimama pale pale muda mrefu, sweta lote limelowa chapachapa, linadondosha maji.

Isipokuwa bega la kushoto.

Hapo palikuwa pakavu… na pa moto.