Mama Hakusafiri

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi. Wateja walikuja kunyolewa, na pia kusikiliza habari zake za mpira, za mvua na za majirani. Duka lake lilikuwa dogo. Lilikuwa na viti viwili vya kunyolea, kioo kirefu, kabati la mashine na benchi la kusubiria. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mtu aliingia kama kichaka, akatoka kama bwana harusi.

Kisha mke wake aliugua ghafla, akafariki. Tangu hapo maneno yakamwisha Kinyozi. Alifungua duka mapema na kuwasha redio kwa sauti ya juu. Si kwamba alipenda sana muziki. Redio ikipiga kelele, mteja hawezi kumwambia "pole na msiba". Aliyejaribu alijibiwa "inamisha kichwa", basi.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Aliishi na binti yake wa miaka sita. Mtoto huyo aliitwa Chiriku, maana aliongea toka asubuhi hadi usingizi umkamate. Baada ya msiba, dada mkubwa wa Kinyozi alihamia pale kusaidia malezi. Huyu ndiye Shangazi, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya amri.

Siku ya mazishi, Shangazi ndiye aliyetoa shauri. Alisema Chiriku apelekwe kwa jirani, na aambiwe kwamba mama amesafiri. Mtoto mdogo haelewi kifo, alisema, akikua ataelezwa. Kinyozi alikubali upesi, kwa sababu shauri lile lilimfaa hata yeye. Kila aliposema "mama amesafiri", moyo wake ulipumzika kidogo. Aliona kama mke wake yuko mahali fulani, amechelewa tu.

Lakini uongo una njaa. Ukiulisha leo, kesho unataka tena. Chiriku aliuliza mama anarudi lini, akaambiwa karibuni. Akauliza mbona hapigi simu, akaambiwa huko mtandao unasumbua. Kinyozi akanunua viatu vyekundu, akasema mama ametuma. Chiriku akavijaribu, vikambana.

"Mama anajua namba ya mguu wangu," alisema, akavirudisha kwenye boksi.

Miezi ikapita. Chiriku akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Chakula alikigusagusa tu. Mwalimu akaleta habari kwamba hazungumzi na wenzake darasani. Shangazi akasema hiyo ni minyoo, akampa dawa. Minyoo, kama ilikuwapo, ilikufa. Ukimya ukabaki palepale.

Alasiri moja Kinyozi alikuwa akimpunguza nywele muuguzi wa zahanati ya mtaa. Muuguzi huyo alipenda nywele fupi, na watoto walimwita Nesi Sindano kwa sababu wanazozijua wao. Mlango ukafunguliwa. Chiriku akaingia akiwa na sare ya shule, hakumsalimia mtu. Alipanda kwenye kiti cha pili, akajitazama kwenye kioo.

"Baba, ninyoe," alisema.

Kinyozi akacheka kidogo. "Nikupunguze wapi?"

"Ninyoe zote. Ziishe."

"Nywele nzuri hizi? Kwa nini?"

"Ili mama arudi."

Kinyozi alibaki na mashine mkononi, hajui aiweke wapi. Chiriku akaeleza taratibu. Mama alipokuwa akimsuka, yeye alikuwa akilia na kujinyonganyonga. Siku ya mwisho mama alichoka, akamwambia, "Ukinisumbua hivi nitakuacha na nywele zako." Kesho yake Chiriku alirudi kutoka shule, mama hayupo. Sasa, nywele zikiisha, usumbufu utaisha, na mama hatakuwa na sababu ya kukaa mbali.

Kinyozi alifungua mdomo aseme mama atarudi karibuni. Badala yake akaizima mashine. Mtoto wake alikuwa amebeba kosa lisilo lake kwa miezi yote ile, na aliyembebesha ni yeye baba yake. Nesi alimtazama kupitia kioo, akatikisa kichwa polepole.

"Chiriku, leo hatunyoi," Nesi alisema. "Nenda kwa Shangazi ukale. Baba anakuja sasa hivi, ana jambo la kuzungumza na wewe."

Mtoto alipotoka, Nesi alinyoosha mkono akazima redio. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umepunguzwa, wa pili bado, lakini hakujali. Alisema mtoto lazima aambiwe ukweli leo.

Kinyozi akajitetea. Mtoto ni mdogo, ataumia. Nesi akamjibu kwamba ameshaumia, tena anaumia peke yake. Mtoto asipoelezwa ukweli hutunga wa kwake, na mara nyingi hujiona yeye ndiye mkosaji.

"Nimwambieje?" Kinyozi aliuliza.

"Kwa maneno mafupi. Sema mama aliugua sana, madaktari walijitahidi, akafa. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Usiseme ameenda mbali, atamsubiri. Mwambie hakuna alichosema wala alichofanya kilichomuua mama yake. Kisha mwambie nani atamlea. Hilo mtoto anataka sana kulijua."

"Na nikilia mbele yake?"

"Utalia. Mwambie unalia kwa sababu umemkumbuka mama yake. Naye atajua kwamba anaruhusiwa kulia."

Nesi alimweleza pia kwamba mtoto atauliza swali lilelile kesho na keshokutwa, pengine huku anacheza. Ajibiwe kila mara, asikaripiwe. Kisha akageuka kwenye kiti, akamtazama Kinyozi usoni.

"Na wewe je? Umeshawahi kulisema mwenyewe?"

"Kusema nini?"

"Kwamba mkeo amekufa."

Kinyozi alifikiri. Alikuwa amesema "lile tatizo". Alikuwa amesema "yaliyotukuta". Neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Alikaa kwenye kile kiti cha pili.

"Mke wangu amekufa," alisema. Akalia kwa kwikwi.

Nesi hakumwambia ajikaze. Alimpa taulo la wateja, akamwacha alie mpaka atosheke. Baadaye alimwambia kwamba huzuni haina ratiba. Ale, alale, azungumze na watu wanaomjali, na uzito utapungua taratibu. Akiona wiki zinapita na hawezi kula, kulala wala kufanya kazi, au akipata mawazo ya kujidhuru, aende zahanati mara moja bila aibu. Wapo watu waliosomea kusaidia.

"Sasa malizia kichwa changu," Nesi alisema. "Nikitoka hivi, utapoteza wateja mtaa mzima."

Nyumbani, Shangazi alikataa katakata. Alisema huko ni kumtesa mtoto. Tangu utotoni Kinyozi hakuwahi kumshinda dada yake kwa maneno, na safari hii hakujaribu kushindana.

"Dada, anadhani ni yeye aliyemfukuza mama yake," alisema.

Shangazi akaketi.

Kinyozi alimkalisha Chiriku karibu yake, akamshika mkono.

"Mama hakusafiri," alisema. "Tulikudanganya, na tulikosea. Mama aliugua sana. Madaktari walijitahidi, wakashindwa. Mama amekufa. Mtu akifa hapumui tena, hasikii maumivu, na harudi."

Chiriku alimtazama. "Kwa sababu ya nywele?"

"Hapana. Ni ugonjwa. Si nywele zako, wala si wewe."

"Na vile viatu?"

"Nilinunua mimi."

"Ndiyo maana vinabana," Chiriku alisema. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka. "Kwa hiyo mama hakunikimbia."

"Hakukukimbia. Alikupenda mpaka siku yake ya mwisho. Mimi nipo, Shangazi yupo. Tutakulea sisi."

Wakalia wote watatu. Shangazi ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Chiriku aliuliza tena mezani, akauliza tena akioga, na kila mara alijibiwa. Baba yake alimpeleka kaburini, akaona mahali pa mama yake. Mwalimu naye akaelezwa. Taratibu shuka zikaanza kuamka kavu. Sahani zikarudi jikoni tupu. Kelele zikarudi nyumbani, na Shangazi akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma.

Kinyozi naye alikuwa na kazi yake. Yeye na Shangazi walifungua kabati la marehemu, wakacheka na kulia juu ya kila gauni. Moja wakamwekea Chiriku, mengine wakawapa waliohitaji. Shangazi akagusia habari ya mke mpya. Kinyozi akasema mke si kiraka, siku hiyo ikifika atasema mwenyewe. Kwanza alitaka kujifunza kusuka. Mkono uliokuwa mwepesi kwenye mashine ulikuwa mzito kama jembe kwenye nywele za mtoto. Chiriku alilia na kujinyonganyonga kama zamani, na baba yake akamwacha alalamike apendavyo.

Jumamosi moja alikuja mteja wa zamani aliyekuwa kazini mbali kwa muda mrefu. Duka lilikuwa limejaa, na Chiriku alikuwa amekaa benchini kati ya watu wazima. Mteja akafungwa kitambaa shingoni, akatabasamu kwenye kioo.

"Shemeji hajambo?" aliuliza.

Benchi lote likamgeukia Kinyozi.

"Shemeji yako alikufa, ndugu yangu," Kinyozi alisema. "Aliugua ghafla."

Mteja alishtuka. Akaomba radhi mara mbili, akataka kuhamia kwenye habari za mpira. Kinyozi akamwekea mkono begani.

"Usiombe radhi. Napenda kuulizwa habari zake. Kaa vizuri nikusimulie."

"Mimi ndiye nitamsimulia, baba," Chiriku alisema kutoka benchini. "Wewe nyoa."

Kinyozi akaiweka mashine chini, akachukua mkasi. Mkasi hauna kelele, na yeye alitaka kusikia.