Pingamizi la Bibi Harusi

Jumapili, tarehe kumi na saba Mei. Mawingu yalikuwa mazito tangu alfajiri, na manyunyu ya kulowesha kola tu, si ya kumfanya mtu afungue mwavuli.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," Mchungaji alisema kutoka madhabahuni, akasoma jina la mchumba wangu, kisha langu. "Kama kuna mtu mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa."

Watu walishaanza kutabasamu. Nikasimama.

"Mimi ninalo."

Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu akanivuta gauni. "Kaa chini, mwanangu! Hapo wanaulizwa watu wengine, si wewe!"

"Nimesikia vizuri, bibi. Mimi ndiye bibi harusi, na ninaweka pingamizi."

Upande wa kwaya, mchumba wangu aliinuka nusu, akabaki hivyo hivyo, hajasimama wala hajakaa. Mtaani wanamwita Fundi Friji kwa sababu ya kazi yake. Mrefu, mpole, sauti ya besi. Tulijuana katika darasa la jioni, sote tumeshavuka arobaini, tukirudia masomo ya sekondari tuliyoyaacha ujanani. Binti yangu wa miaka kumi na minne ndiye aliyekuwa akitusahihishia hesabu, mkono kiunoni, na Fundi akampa jina la Profesa. Baba yake alifariki Profesa akiwa bado anatambaa. Siku binti yangu alipomcheka Fundi kwa kusahau kipeo cha pili, na Fundi naye akacheka, nilisema moyoni: Bwana, huyu ndiye.

Sasa nilikuwa nimesimama kumkataa.

Mchungaji alifunga kitabu taratibu. "Baada ya ibada, ofisini kwangu," alisema. "Tuimbe."

*

Ofisini tulikuwa watano: Mchungaji, Mama Mchungaji, Fundi, dada yake mkubwa, na mimi. Dada yake ana saluni. Tulikuwa tumeshaanza kuitana wifi.

"Wifi, umetudhalilisha," alianza kabla ya kukaa. "Kadi zimeshagawiwa. Kaka yangu amekosa nini? Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

Nilitoa simu kwenye mkoba, nikaiweka juu ya meza. Simu janja, mpya, ina kava la rangi ya waridi.

Fundi aliitazama mara moja tu, akainamisha kichwa.

"Asubuhi nilisema nimpigie Profesa pasi sketi ya shule, nimsaidie," nikasema. "Kwa kawaida anapiga mwenyewe. Pasi ikagonga kitu kigumu. Nikageuza sketi ndani nje, nikakuta mfuko wa siri ndani ya mshipi. Mshono mzuri kweli, sikatai. Mimi ndiye niliyemfundisha kushona. Nikaiwasha, ujumbe wa kwanza niliouona ni wa Fundi, sikusoma zaidi. Nikampigia mara tatu, simu yake imezimwa."

"Nilikuwa kwenye maombi ya wanaume," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe ni simu tu!" Wifi akapiga paja. "Wifi jamani! Watoto wa wenzako wana simu tangu darasa la tatu. Wewe unalea mtoto au unafuga kuku? Dunia imebadilika!"

"Dunia imebadilika, wifi, ndiyo maana nimefunga mlango. Ingekuwa ile ya zamani ningeuacha wazi."

Mama Mchungaji alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko.

Sioni haya kusema hili: nyumbani kwangu mtoto hana simu janja mpaka amalize sekondari. Sisemi simu ni shetani. Mimi mwenyewe nachukulia mitindo ya nguo humo. Lakini sitaweka mikononi mwa mtoto kitu ambacho watu wazima wenyewe kinawashinda. Mungu alinikabidhi mtoto mmoja, na siku moja ataniuliza juu yake. Hataniuliza majirani walifanyaje. Fundi aliijua sheria hiyo, na aliikubali kwa kinywa chake.

"Nilinunua mwezi uliopita," Fundi akasema. "Nilitaka anipende. Nilikuwa naogopa, mama. Nitakuwa mwanaume mgeni katika nyumba yenu. Nikasema nikianza na zawadi…"

"Ingekuwa zawadi tu ningekugombeza, yakaisha. Soma ulichomwandikia. Soma kwa sauti."

Hakutaka kuishika. Mchungaji akaichukua, akavaa miwani.

"'Profesa, umeipenda? Usimwambie mama. Hii ni siri yetu, mimi na wewe tu.'"

Hata Wifi alitazama chini.

"Fundi," nikasema, "wewe ni mtu mzima. Ni mwanaume. Unamwandikia mtoto wa kike wa miaka kumi na minne, usimwambie mama, siri yetu. Ni watu gani wanaowaambia watoto maneno hayo?"

Fundi aliinua kichwa. Uso ukambadilika.

"Mungu wangu," alisema. "Sikuwa na maana hiyo. Naapa…"

"Usiape. Najua hukuwa na maana hiyo. Ndiyo maana nimekuja ofisini kwa Mchungaji, sikwenda polisi. Lakini mwanaume anayeweza kujenga siri na mwanangu nyuma ya mgongo wangu, siwezi kumpa ufunguo wa nyumba yangu. Ningekaa kimya pale kanisani, ningekuwa nimedanganya mbele za Mungu."

Mchungaji alivua miwani. "Tangazo limesimamishwa," alisema. "Tuombe."

*

Profesa hakuja kanisani siku ile. Aliposikia pasi imegonga alijifungia chumbani. Niliporudi nilimkuta sakafuni, karibu na cherehani yangu, macho yamevimba.

"Umeivunja?" akauliza.

"Iko kwa Mchungaji."

"Na harusi?"

"Imesimama."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya watu wazima. Sogea." Nikakaa sakafuni pembeni yake, na magoti yangu haya, yakalia kama mlango wa zamani. Hakucheka. Nikajua kuna kitu kingine.

"Profesa, mbona hukuniambia?"

"Wewe ukisikia tu neno simu unaanza kuhubiri, mama. Mahubiri yenyewe marefu, hata Mchungaji anakupisha."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Leo sihubiri. Nasikiliza."

Akavuta uzi kwenye zulia. Kisha:

"Kuna mtu ananiandikia. Anasema ana miaka kumi na saba, anafundisha kudansi. Mwanzoni alikuwa ananisifia tu. Wiki hii amesema nimtumie picha. Si picha hizi za kawaida."

Kinywani nilikuwa na mahubiri kumi. Nikayameza yote, moja moja.

"Ulituma?"

"Hapana! Nilimwambia nitafikiri. Akasema nisikwambie, ni siri yetu."

"Na hukuogopa?"

Alinitazama na yale macho ya baba yake. "Niliogopa kidogo. Halafu nikasema, si hata Fundi aliniambia hivyo hivyo? Fundi ni mtu mzuri. Nikajua basi ni kitu cha kawaida, watu wanaokupenda wanasema hivyo."

Nikamkumbatia. Hatukupika mchana ule. Tuliomba tumeshikana mikono, na mara ya kwanza maishani mwangu niliomba kwa sentensi mbili tu: Bwana, asante kwa kuwa amesema. Nionyeshe la kufanya.

Kesho yake Mchungaji, mimi na Profesa tuliipeleka ile simu polisi, kwenye dawati la watoto. Afisa wa kike aliitazama akaunti ya yule mwalimu wa kudansi akatuambia si mara ya kwanza kuiona. Mkuu wa shule naye tukamwambia.

*

Fundi aliandika kila siku. Sikujibu. Jumanne aliandika: "Niko tayari kwa adhabu yoyote, ila usinifungie mlango." Jumatano: "Nimeshindwa kufungua hata kitabu cha darasa. Mwalimu ameuliza umekwenda wapi." Alhamisi jioni nikampigia mimi.

"Asante, mama," alisema haraka haraka. "Asante kwa kupiga. Nisikilize…"

"Nisikilize wewe kwanza."

Nikamsimulia yote, sikupunguza neno. Yule mtu, ile picha, na jibu la Profesa: si hata Fundi aliniambia hivyo hivyo.

Nilipomaliza nikauliza:

"Upo?"

"Nipo." Sauti ya besi ilikuwa imevunjika. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimzoesha sauti ya mwizi, mwizi alipokuja akadhani ni mtu wa nyumbani."

"Ndiyo."

Sikumfariji. Kuna maumivu yanayomfaa mtu, ukiyaondoa mapema unamdhulumu.

"Usinisamehe leo," akasema. "Sitaki unisamehe kwa simu. Naomba kitu kimoja. Nizungumze na Profesa, wewe ukiwepo, na watu wakiwepo. Sitaki tena neno lolote kati yangu na yeye ambalo wewe hulisikii. Nikishamaliza, kama jibu lako ni hapana, nitazikusanya kadi mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

Nilimwambia aje Jumamosi saa kumi.

*

Sebule yangu ni ndogo. Nusu ni cherehani na vitambaa vya wateja, nusu ni makochi mawili. Mchungaji na Mama Mchungaji walichukua kochi moja. Wifi alikalia kigoda cha kupimia nguo.

"Wifi," aliniambia akiingia, "naomba radhi kwa lile la kuku."

"Limekwisha."

"Halijaisha. Juzi nilishika simu ya mwanangu nikaipekua. Sijalala vizuri tangu hapo." Akafuta uso kwa kiganja. "Siku nyingine ukifunga mlango, uniite nije nione unavyofunga."

Fundi alikataa kukaa. Alisimama mbele ya Profesa, ambaye alikuwa pembeni yangu amenishika mkono.

"Profesa," alianza, "nilikukosea."

"Ulininunulia simu tu," akamjibu, macho chini.

"Simu ni kosa dogo. Nilimkosea mama yako kwa simu. Wewe nilikukosea kwa maneno. Nilikwambia usimwambie mama. Mtu anayekupenda kweli hawezi kukwambia hivyo. Nilikuwa nataka uwe mwanangu, nikatumia njia ya mkato, na njia hiyo hiyo akapita mtu mbaya."

"Lakini wewe si mtu mbaya."

"Ndiyo sababu kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Kwa mtu mbaya ungekimbia."

Profesa alifikiri, uso ule ule wa kusahihisha hesabu.

"Kwa hiyo mtu mzuri akisema ni siri yetu, nifanyeje?"

"Nenda kwa mama yako mbio. Usiangalie kama ni mtu mzuri."

"Hata akiwa mchungaji?"

Mchungaji alicheka kidogo. "Hata mimi," alisema. "Mimi hasa."

"Na nikienda kwa mama, akaanza kuhubiri?"

Wote wakanigeukia. Wifi akashika mdomo.

"Nitasikiliza kwanza," nikasema. "Sheria ya simu haibadiliki, usijidanganye, ni mpaka umalize sekondari. Lakini ukija na jambo, utaongea mpaka umalize, ndipo nitafungua kinywa."

"Mpaka nimalize kabisa?"

"Kabisa. Mama Mchungaji ni shahidi."

"Nimesikia," Mama Mchungaji akasema, "na nitamkumbusha."

Profesa akanong'ona sikioni mwangu. Nikamwambia, "Sema kwa sauti. Katika nyumba hii hatunong'onezani tena."

Akaona haya, kisha akasema: "Nilimwandika kwenye simu 'Baba'. Nilikuwa nataka kujua kama bado naruhusiwa kumwita hivyo."

Fundi aligeuka. Alinitazama. Hakusema kitu kwa mtoto, alinisubiri mimi. Hapo nikaona nilichokuwa nikiomba wiki nzima. Sikuhitaji mwanaume asiyekosea, hayupo. Nilihitaji anayejua kwamba malango ya mtoto huyu yana mlinzi, na kwamba akiingia, ataingia kwa mlango wa mbele, kisha asimame nami hapo mlangoni.

"Mchungaji," nikasema, "nililiweka pingamizi mbele ya watu, na mbele ya watu naliondoa. Ila na yeye aseme neno lake hapa, kabla sijampa mkono."

"Haki yake," Mchungaji akasema, akasimama. Sote tukasimama. Wifi aliacha kigoda kikaanguka, hakuna aliyekiokota.

Fundi alinyoosha mkono wa kulia kama alivyonyoosha siku ya kubatizwa. Sauti yake ikarudi, nene, ikajaa chumba.

"Mbele za Mungu, na mbele ya Mchungaji, na Mama Mchungaji, na dada yangu: mimi nitamlea mtoto huyu pamoja na mama yake, si nyuma yake. Mama akisema hapana, jibu langu ni hapana. Nikiwa na wazo lingine nitamwambia yeye, wala si mtoto. Sitampa kitu ambacho mama hajakiona, sitamwandikia neno ambalo mama hawezi kulisoma. Na wewe, mwanangu, siku yoyote nikikwambia usimwambie mama, hata kama natania, hata kama ni siku ya furaha, nenda ukamwambie siku ile ile. Nami sitakasirika. Naahidi."