Simba wa Tano wa Uru

Cheka sasa, ukiwa bado na meno yote. Nyie mliosoma mpaka mkavaa miwani mnasema majini ni ya pwani, huku mlimani baridi inayaua. Haya. Panda Uru, uulize kwa nini nyumba ya Mektrida ina mlango wa chuma kati ya jiko na ua wake mwenyewe, halafu rudi unicheke.

Ilianza na kuku kukataa maji.

Ua ulikuwa mpya. Ronald, mwanawe wa pekee, alikuwa amerudi kutoka Granada, Hispania, alikopika hotelini miaka kumi na mmoja. Akaivunja nyumba ya mbao ya mama yake, akajenga ya matofali, vyumba vimeuzunguka ua usio na paa, kama jumba la wafalme Waislamu wa zamani aliloliona huko. Katikati akataka bakuli la maji lililobebwa na simba. La Granada lina simba kumi na wawili wa marumaru. Filemon, fundi saruji wa Majengo, aliitazama picha kwenye simu, akasema kumi na wawili atazeeka hajamaliza. Akafinyanga wanne, wenye sura za mbwa walioshiba.

"Maji yao yanatoka kwenye theluji ya mlima, mama. Yanaletwa kwa mfereji."

"Na yetu yanatoka wapi, kwenye soda?"

Mektrida aliipenda zaidi picha ya Madrid, mwanamke wa mawe ameketi kwenye gari linalokokotwa na simba wawili. "Huyo anajua kazi ya simba," alisema.

Kosa la Ronald lilikuwa masale, mimea ya majani marefu iliyosimama safu pale palipopangwa bakuli. Kila Mchaga anajua: jani la isale likifungwa fundo ni ombi la msamaha, isale lenyewe likipandwa ardhini ni mpaka. Safu ile aliipanda marehemu Leodegar, mumewe Mektrida, na hakuwahi kusema anamzuia nani. Ronald aliing'oa yote ili bakuli likae katikati, mama yake akiwa hospitali mjini anatolewa mtoto wa jicho. Aliporudi, saruji ilishakauka.

Basi kuku wakakataa maji. Kisha ikaja harufu ya machungwa, huko juu ambako chungwa hupanda kwa bodaboda. Kisha bakuli likatiririka na koki imefungwa. Alhamisi, saa saba mchana, Mektrida alipita na beseni la ndizi, na kwa macho yake mapya akahesabu simba.

Watano.

"Ulimwita tena Filemon?" aliuliza jikoni, kwa sauti ya chini.

Ronald alichungulia uani kwanza. "Shusha sauti, mama. Nimemwona tangu Jumatatu. Nimepata nyumba ya kupanga mjini. Tuhame leo."

"Na baba yako aliyelala pale mgombani nimwachie nani? Na mimi mtanizika wapi, kwenye chumba cha kupanga?"

"Basi tumwombe radhi huyo wa uani."

Akatoka, akarudi na isale lenye mizizi, jani moja amelifunga fundo. Wakaingia uani wote wawili, jua likiwa utosini na hakuna kivuli popote isipokuwa chini ya simba yule wa tano, ambaye hakuwa na sura ya mbwa hata kidogo, ambaye macho yake yalikuwa na unyevu kama ya mtu aliyetoka kupiga chafya, na harufu ya machungwa ikawa nzito mpaka ikawakaa kooni, na maji yakanyamaza, na kutoka ndani ya saruji kikatoka kikohozi, kile kile kikavu cha tumbaku ambacho Mektrida alilala nacho miaka arobaini na mitatu.

"Mektrida," sauti ya Leodegar ikasema. "Mektrida, hama."

Ronald akapiga magoti, akanyoosha isale. Mama yake akalinyakua.

"Baba yako hakuniita Mektrida tangu ulipozaliwa. Ni mama Ronald, mpaka pumzi ya mwisho. Huyu hata kuiga hajui."

Akaanza kulifungua fundo.

"Mama, usifungue. Tafadhali."

"Msamaha wa nini? Mimi nimemkosea nini?"

Akainama kwenye kipande cha udongo mbele ya kizingiti cha jiko, alipokuwa ameliacha beseni lake, akachimba kwa kisu cha kumenyea ndizi, akalipanda isale, akashindilia kwa kisigino. "Huko kwako," alimwambia simba. "Huku kwangu. Bakuli chukua, baya hata hivyo."

Saruji ikakwaruza. Simba alikuja, polepole, jiwe juu ya jiwe, mpaka pua yake ikagusa jani. Hapo akasimama, anapumua.

Ronald alishaingia ndani kwa magoti na mikono. Mektrida hakurudi nyuma.

"Nimeupikia ukoo mzima wa mume wangu," alimwambia. "Nitatishwa na saruji?"

Akamtazama mpaka akatosheka. Akaokota beseni lake la ndizi, akaingia jikoni, akaufunga mlango.