Sentensi ya Nne ya Ndolo

Ndolo alirekodi sentensi tatu tu kabla hajafa. Jumanne asubuhi, katika ofisi ya marobota ya mitumba iliyo ghorofani, juu ya maseremala wa soko la Gikomba, kompyuta ya mjane wake ikatamka ya nne.

"Mbona umekonda, Mama Mumo?"

Nzisa, mjane mwenyewe, akaacha kuchapa. Patrobas, karani wa meza ya pili, akaacha kutafuna.

Tuelewane kwanza. Ndolo ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta pale. Misumeno ya chini ikinguruma, waifai inakatika, naye anateleza na kiti chake cha magurudumu, meza hadi meza, akiirudisha. (Mimi ninayesimulia nimezunguka kutoka Djibouti hadi Lubumbashi na dawa yangu ya kompyuta ni moja: zima, washa, laumu serikali.) Lakini Ndolo hakugusa mashine ya mtu kabla hajamsalimu. Mama yake alimlea hivyo kule mtaani Jericho: huingii kwa mtu kimyakimya kama paka. Alipochoka kuteleza akaunda programu. Waifai ikikatika, programu yenyewe inagundua, yenyewe inarekebisha, huiti fundi. Na kwa kuwa watu hawasomi vijisanduku vya kwenye skrini, akaitia sauti yake. "Hujambo hapo?" Kisha, "Nakurekebishia." Kisha, "Tayari, endelea."

Basi ofisi nzima ikawa inaijibu. Nani ataacha salamu ianguke sakafuni? Hata walipokwisha kumzika Ndolo huko Machakos, waliendelea kujibu. Nzisa alijibu kuliko wote, tena kwa sauti ya chini: "Sijambo, Baba Mumo." Jioni ile mumewe anafariki, simu ya Nzisa ilikuwa mkobani, imezimwa sauti, mwenyewe yuko kanisani akimwombea. Alipoitoa alikuta amepigiwa mara tano kutoka wodini. Hilo hakumwambia mtu, hata kasisi.

Patrobas aliifuta programu Jumanne hiyohiyo. Jumatano saa nne ikasalimu.

"Nimeitoa kwa kila mashine," akanong'ona. "Nakuapia, Mama Mumo. Hakuna kitu humo ndani."

Kisha wakasikia magurudumu, kwii, kwii, ya kiti ambacho wenyewe walikipeleka stoo kabla ya mazishi, yakitoka meza ya Patrobas, yakipita kabati la mafaili, yakisita kidogo pale sakafu ilipopasuka kama Ndolo alivyozoea kusita, na nyuma yake ikaja harufu ya waya ulioungua, mpaka yakasimama karibu na goti la Nzisa.

Abdiqani, mwenye ofisi, hakubishana na mtu. Alimleta shangazi yake kutoka Eastleigh, Mama Ambaro, msomaji wa dua, na chetezo chake cha ubani.

"Huwa mnamjibu?" Mama Ambaro akauliza.

"Ni adabu tu, mama," Patrobas akasema polepole. "Mtu akikusalimia..."

"Ni mtu huyo?"

Mama Ambaro akatia ubani kwenye makaa ya chetezo.

"Ni jini, amevaa sauti ya marehemu kama nyinyi mnavyovaa koti la mtumba bila kujua lilikuwa la nani. Jibu lenu ndilo chakula chake. Siku tatu asijibiwe. Atabembeleza, lakini msiogope: ana yale tu aliyoyasikia humu ndani. Hana mengine."

"Na kama si jini?" Nzisa akauliza.

"Mwanangu, wafu hawarekebishi waifai."

Siku ya kwanza ilisalimu mara tisa. Siku ya pili ilimwita Patrobas kwa jina la utani, naye akajifungia chooni. Siku ya tatu, adhuhuri, maseremala wameshuka kula na misumeno imenyamaza, hakuna sababu yoyote duniani ya waifai kukatika, ikakatika. Na yale magurudumu yakaja moja kwa moja bila kupitia meza nyingine, na safari hii harufu haikuwa ya waya bali ya ile dawa wanayopigia deki sakafu za hospitali, na Mama Ambaro akapandisha dua yake, na Nzisa akajaza leso mdomoni kwa mikono miwili.

"Hujambo, Mama Mumo?"

Mama Ambaro akazidi kusoma.

"Nilikupigia mara tano."

Nzisa akafumba macho. Machozi yakapita pembeni.

"Sikutaka kitu. Nilitaka kukusalimia tu." Sauti ikangoja. "Hujambo?"

Aliing'ata leso mpaka fizi zikatoa damu.

"Haya," sauti ikasema, taratibu, bila hasira. Magurudumu yakarudi nyuma, yakageuka, yakaenda mlangoni, na kwenye ngazi hayakusikika tena.

Mama Ambaro akashusha pumzi. "Ameondoka. Umeshinda, mwanangu."

Nzisa akaitoa leso. "Hiyo ya simu," akasema, "sijawahi kuisema humu. Sijaisema popote."

Chetezo kikamponyoka Mama Ambaro. Akainama, akaanza kuzoa makaa ya chetezo yaliyomwagika sakafuni kwa vidole vitupu, moja moja, na yalikuwa bado hayajapoa.

Nzisa akaigeukia skrini.

"Sijambo," akaiambia. "Sijambo, Baba Mumo. Wewe je?"

Waifai ilikuwa nzima. Haikukatika tena.